Mota Isiyonguruma

Kila siku alasiri, Moza akitoka chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani, alishuka pwani ya Micheweni kukumba maji yaliyoingia katika mashua ya baba yake. Mashua hiyo haikuvua samaki wala haikupakia magunia. Bwana Hamad aliiunda kwa kazi moja tu: kuwatembelea jamaa. Majirani walimcheka, wakasema mtu anayeunda chombo cha kwendea harusini hana shughuli. Lakini ikitokea harusi ng'ambo ya ghuba, haohao ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza kama kuna nafasi.

Mwaka huo wa 1938 mashua ilikuwa imempoteza abiria wake mkuu. Bi Mwatima, bibi yake Moza, alikuwa ameapa kutoipanda tena. Katika safari ya mwisho ya Kiuyu, ng'ambo ya ghuba, upepo ulikufa ghafla, mkondo ukawasukuma kuelekea mwambani, na bibi akasoma dua zote alizozijua mpaka zikamwishia, akaanza upya. Makasia ndiyo yaliyowaokoa.

"Siingii tena chombo kinachotegemea upepo peke yake," alisema.

Na huko Kiuyu dada yake, Bi Mgeni, alikuwa akipoteza nuru ya macho. Kila mara alituma salamu: njoo nikuone, kabla sijashindwa kukuona.

Ndipo Bwana Hamad alipoanza kutafuta mashine ya akiba. Ya petroli aliijaribu kwanza. Ilikwenda mbali na kwa kasi, lakini ilinguruma kama kinu cha kukoboa mpunga, na moshi wake ulimtapisha Bi Mwatima akiwa bado nchi kavu. Ikabaki mota ndogo ya umeme aliyoileta Akbar, kijana wa Kihindi mwenye duka la redio na betri huko Wete.

"Haina moshi, haina kelele," alisema Akbar. "Lakini nakwambia mapema, Bwana Hamad, hii si ya safari nzima. Betri inatosha kuvuka mlango wa ghuba, kisha lazima nikaichaji dukani. Tanga litakupeleka. Hii ni ya kukufikisha nyumbani upepo ukilala."

Akaiacha kwao, betri imejaa, mpaka Ijumaa waijaribu baharini.

Watu wote walimsifu Akbar kwa ukweli wake. Moza akakunja uso, akamwonya baba yake asiiamini.

"Muuzaji anayetaja kasoro ya bidhaa yake," alimwambia Jaribu, mtoto wa jirani, "ana nyingine kubwa zaidi anaificha."

"Na asiyeitaja je?"

"Huyo pia anaificha."

Jaribu akafikiri. "Basi wauzaji wana kazi."

"Weye cheka tu. Mashine gani haingurumi? Paka akinyamaza jikoni, kamwangalie samaki."

Siku hiyo likaundwa Baraza Kuu la Uchunguzi, lenye wajumbe wawili, na makao yake yakawa nyuma ya banda la kuku. Bwana Hamad alipokwenda shambani, Baraza liliibeba mota na betri yake, likaifunga kwenye ukingo wa pipa la maji, likatumbukiza rafadha yake, yaani lile panga la chuma linalozunguka, kisha likaiwasha. Maji yakazunguka kimya kimya. Kuku wakatawanyika. Moza akatega sikio, akanusa, akachungulia huku na huku. Hakuona hila yoyote.

Kesho yake wakairudia, na siku iliyofuata, kila mara mpaka jua linakuchwa.

"Tumepata nini?" aliuliza Jaribu, nguo zimemlowa.

"Hatujapata kitu. Maana yake imefichwa sana."

Alhamisi rafadha ilizunguka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa daku.

"Umeona?" Moza alinong'ona kwa furaha. "Imeanza kuonyesha rangi yake!"

Ijumaa baada ya sala pwani ilijaa watu. Bi Mwatima alikaa juu ya jiwe, furushi lake mapajani, kwa maana alikuwa ameahidi: mashine ikifaa, ataondoka siku hiyohiyo. Akbar alikaa tezini, nyuma ya chombo, na Bwana Hamad, Moza katikati na kata yake ya kukumbia maji. Tanga likaachwa limekunjwa.

Mashua ikasogea bila sauti. Watu wakaguna kwa mshangao. Haikufika mbali. Ikapunguza mwendo, ikajikokota, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma na mkondo.

"Ipakeni mafuta ya nazi!" mtu alipiga kelele kutoka pwani, na watu wote wakaangua kicheko.

Waliporudi kwa makasia, Akbar alikuwa akitoka jasho. "Betri hii niliijaza mwenyewe. Samahani, Bwana Hamad, hakuna aliyeiwasha nyumbani?"

"Unawashuku watu wa nyumba yangu?"

"Sikusema hivyo. Nimeuliza."

"Ichukue mashine yako. Na nitawaambia watu wote, kuanzia hapa mpaka Makangale, wajihadhari na betri zako." Kisha akamshika Moza begani. "Mtoto huyu alinionya tangu mwanzo. Ana jicho!"

Sifa hiyo ilikuwa tamu kama halua, na kama halua ikamnata Moza menoni. Alimtazama Jaribu. Jaribu alikuwa anavikagua vidole vyake vya miguu, kana kwamba viwili vimepotea.

Bi Mwatima akalifungua furushi lake polepole. Akatoa leso mpya aliyomnunulia dada yake.

"Chukua, Moza, ujifunge weye. Miye na Kiuyu tumeshaagana."

Moza hakuipokea.

"Baba," alisema, "betri nimeimaliza mimi."

Pwani yote ikanyamaza kama mota.

"Nilikuwa naiwasha kila siku ndani ya pipa. Nilikuwa natafuta udanganyifu wake."

"Ukauona?" aliuliza Akbar.

"Nimeuona leo. Ulikuwa wangu."

Bwana Hamad, mbele ya watu walewale waliocheka, akampa Akbar mkono. "Nimekuvunjia heshima, ndugu yangu. Niwie radhi." Moza naye akaomba radhi, na Jaribu akaomba radhi kwa sauti ndogo sana, akitumaini haitasikika. Ilisikika. Wote wawili waliibeba ile betri nzito mpaka barabarani, wakipumzika kila baada ya minazi michache, ili Akbar aipeleke Wete kuichaji.

Iliporudi imejaa, hakuna aliyethubutu hata kuipangusa vumbi. Safari hii mota ilikwenda, ikageuka, ikarudi pwani bila kusita, na Bi Mwatima akapanda mashua, wakapandisha tanga. Walipofika mlango wa ghuba, upepo ukalala kama siku ile. Tanga likalegea. Bwana Hamad akashusha rafadha majini, na mashua ikaendelea taratibu, ikiuacha mwamba ubavuni.

Moza akamwangalia bibi yake. Tangu Micheweni alikuwa ameshikilia kasia mapajani.

"Bibi, bado huiamini?"

"Naiamini. Kasia nimelichukua kwa sababu nina akili." Bi Mwatima akalipigapiga kwa kiganja. "Shaka ni kama kasia hili, mjukuu wangu. Kaa nalo karibu, siku moja litakufaa. Lakini usitoboe nalo mashua, kisha ukapiga kelele kuwa inavuja. Ukitaka kujua jambo, uliza, kijaribu kitu mbele ya mwenyewe, na ukikosea sema mapema. Weye ulisema, japo ulichelewa. Ndiyo maana leo nakwenda."

Bi Mgeni alikuwa amekaa pwani ya Kiuyu. Hakusikia chombo kikija. Mkono ulipomgusa begani alishtuka.

"Nani huyo ananijia kimya kimya?"

"Ni miye, Mwatima."

"Uongo! Mwatima ameapa haji."

Basi akanyoosha mikono yote miwili, akampapasa uso, paji, mashavu, na kile kidevu chenye kovu la utotoni. Ndipo akaamini, akaanza kulia.