Shangazi Kaja na Mfuko Mdogo

Mikorosho ya Mandawa ilikuwa imechanua. Harufu yake tamu iliingia mpaka jikoni. Koleta alikaa kwenye kigoda, ungo wa mbaazi mapajani, akichambua polepole. Macho yake yalikuwa wazi, lakini mawazo yalikuwa yameshasafiri. Alijiona yuko Nachingwea, amekaa kivulini nyumbani kwa shangazi Teodosia, anamsikiliza mtoto akicheza tumboni.

Mtoto huyo alikuwa wa pili. Alipomzaa wa kwanza, Prisila, Koleta alivuja damu nyingi mpaka akapoteza fahamu. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki alimwambia, "Mara hii usisubiri uchungu ukiwa kijijini. Nenda mapema ukakae karibu na hospitali." Teodosia, shangazi wa mumewe, alikuwa na nyumba Nachingwea mjini, si mbali na hospitali. Safari ilikuwa kesho.

"Koleta, umelala?" aliuliza Kornelia, mama mkwe wake.

"Hapana, mama. Nawaza."

"Kwa kuwaza hujambo. Lete hizo mbaazi."

Kornelia alikuwa anafunga mzigo. Mbele yake palikuwa na mfuko mkubwa wa mirabamiraba, ule ambao watu huuita shangazi kaja. Alikuwa ameshaweka makopa ya muhogo na korosho. Sasa akaweka kifuko cha mbaazi, akashindilia kwa goti. Nguo za Koleta na za mtoto zilikuwa chini kabisa.

"Mama, utapasuka," Koleta alisema kwa sauti ndogo.

"Hauwezi. Mfuko wenyewe unaitwa shangazi kaja. Sasa shangazi aje na nguo zake tu? Watasema Kornelia amemtuma mkwe wake mikono mitupu."

Jirani yao Zaina akapiga hodi, akaingia. Zaina ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja kumuaga Koleta. Aliutazama ule mfuko.

"Shikamoo, mama. Mnahama?"

"Marahaba. Tuhame twende wapi? Mkwe wangu anakwenda kujifungua."

"Anakwenda kujifungua, au kufungua duka?"

Kornelia hakutaka kucheka, lakini alicheka.

"Koleta, mdogo wangu," Zaina alisema, "naomba kadi yako ya kliniki niione."

Koleta akafungua zipu. Akatoa korosho. Akatoa makopa. Kifuko cha mbaazi kikafunguka, mbaazi zikatawanyika sakafuni. Alihema, akapumzika kidogo, akaendelea kutafuta. Zaina alimngoja tu. Kadi ilipopatikana, ilikuwa imekunjamana na kujaa unga wa makopa.

"Sasa fikiria uko njiani," Zaina alisema taratibu. "Uchungu umeanza. Mfuko uko kwenye buti la basi, chini ya magunia ya watu. Utampa nini muuguzi?"

"Nitamwambia kwa mdomo."

"Na ukipoteza fahamu kama mara ile?"

Kornelia akatoa goti lake kwenye mfuko. Mara ile yeye ndiye aliyefua khanga zilizolowa damu.

"Kadi inaeleza kwamba ulivuja damu," Zaina alisema. "Wakiisoma, wanajiandaa kabla damu haijaanza kutoka."

"Kwa hiyo zawadi asibebe?" Kornelia aliuliza.

"Zawadi ziende, mama. Mfuko mkubwa ataubeba mwanao Rogath. Lakini vitu vya kujifungulia viwe na mfuko wao. Mdogo, mwepesi, na usimtoke mapajani."

Kornelia akaenda chumbani, akarudi na kikapu chake cha kanisani chenye zipu. Zaina alieleza, Koleta akapanga. Kwanza khanga safi na nguo za mtoto, zilizofuliwa na kukaushwa juani. Alizifunga kwenye nailoni ili vumbi lisiingie. Pembeni akaweka sabuni, pedi na chupa ya maji. Kadi ikakaa juu kabisa.

"Andika na namba ya shangazi nyuma ya kadi," Zaina alisema. "Simu huzima."

Kornelia alikinyanyua kikapu kwa kidole kimoja. "Hiki hata mimi nakimbia nacho," alisema.

Alfajiri basi liliondoka, Prisila akabaki na bibi yake. Rogath, mume wa Koleta, alikaa pembeni yake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Koleta aliegemea dirisha. Miti ilipita kimya, kama watu wanaotembea usingizini. Alisinzia. Akaota mtoto anatembea mbele yake katikati ya mikorosho, hageuki nyuma, na yeye anamfuata bila kuchoka.

Maumivu yakamwamsha. Yalianza kiunoni, yakaja mbele, yakapotea. Kisha yakarudi.

"Rogath," alinong'ona. "Mtoto hataki kufika Nachingwea."

Basi lilikuwa linaingia Ruangwa. Rogath akamwita konda.

"Tunashuka hapa. Tutolee mfuko wetu."

"Kaka, wenu uko chini kabisa. Mpaka tupakue buti zima. Muwahishe mkeo, mfuko tutamfikishia mwenyeji wenu Nachingwea."

Rogath alisimama akilitazama buti. Alipogeuka, Koleta alikuwa ameshaingia kwenye bajaji na kikapu chake kifuani. Rogath akamfuata.

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Kadi ipo?" Koleta alifungua zipu, akampa. Muuguzi aliisoma huku amesimama.

"Huyu alivuja damu uzazi uliopita," aliwaambia wenzake. "Mwekeeni dripu. Maabara wampime damu na waandae ya kumwongezea."

Mtoto alizaliwa mchana. Damu ilikuja kweli, lakini wauguzi walikuwa tayari wanaisubiri. Koleta aliona dari linakwenda mbali, mbali sana, kisha linarudi taratibu mahali pake. Akasikia kilio chembamba. Mara hii alikisikia mwenyewe.

Jioni mtoto alilala kwenye khanga iliyonukia jua. Rogath alimpigia simu mama yake.

"Mama, amejifungua salama. Wa kiume. Tupo Ruangwa, hatukufika Nachingwea."

"Mpe simu," Kornelia alisema.

Koleta akaipokea.

"Mwanangu, kesho nakuja huko. Nataka kufunga mzigo. Nije na nini?"

Koleta alifumba macho, akawaza.

"Uji, mama," alisema. "Na Prisila."