Baiti Mbili Zilizopishana

Maiti ya mgonjwa wa kitanda cha sita ilikuwa bado na joto Inspekta alipoingia wodini asubuhi ile. Chupa ya dawa ya maumivu, iliyotakiwa kudumu siku nzima, ilikuwa tupu.

"Uliandika ngapi?" Inspekta alimuuliza muuguzi wa zamu.

"Mililita mbili kwa saa, afande. Mbili!" Muuguzi alilia.

Alikuwa anasema kweli. Kumbukumbu zilionyesha kompyuta ya wodi imetuma mbili. Pampu iliyosukuma dawa mwilini ikasoma mia tano na kumi na mbili.

Alasiri Inspekta alibisha hodi kwa waliounda mfumo endeshi wa pampu, yaani programu inayoiongoza. Walikuwa wawili tu, mzee na binti yake. Mzee alimkaribisha, akaenda jikoni kuchemsha chai.

"Nieleze kama mtoto. Muuguzi tumemweka mahabusu," Inspekta alimwambia binti.

"Namba hiyo inakaa kwenye baiti mbili, yaani vipande viwili vya data. Kompyuta ya wodi hutanguliza baiti ndogo, pampu hutanguliza kubwa. Kuna mstari mmoja wa programu wa kuzigeuza. Ukiufuta, mbili inasomwa kama mbili mara mia mbili hamsini na sita: mia tano na kumi na mbili."

"Nani aliufuta?"

"Mimi. Jina langu liko kwenye kumbukumbu ya mabadiliko."

"Jumanne, saa nne asubuhi?"

"Ndiyo."

"Kwenye meza hii?"

"Hii hii."

"Bawabu wenu anasema ulisafiri Jumatatu, ukarudi leo Alhamisi."

Binti akainamisha kichwa.

"Niliweka jina langu badala ya la Baba leo, habari ziliponifikia," alisema kwa sauti ya chini. "Baba aliuona mstari, akadhani ni wa ziada. Aliuandika mwenyewe, afande, miaka ishirini iliyopita. Amesahau. Mwaka mzima nimekuwa nikipitia kazi yake kimyakimya na kurekebisha. Safari hii sikuwepo."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Kazi hii ndiyo pekee inayomkumbusha yeye ni nani."

Kikombe kiligonga sahani. Mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, nilijua unanirekebishia," alisema. "Niliyaona marekebisho yako. Nilinyamaza nisije nikakuvunja moyo. Na niliogopa kuachwa nyumbani peke yangu."

Aliweka chai mbele ya Inspekta, akakaa, akaushika mkono wa binti yake.

"Mtu amekufa kwa sababu tulioneana haya. Muuguzi yule mwachieni leo hii. Andika, afande, mimi ndiye niliyefuta. Andika haraka, kabla sijasahau."

Inspekta alifungua daftari. Machozi yalimlengalenga, ikamchukua muda kuona mstari wa kuandikia.