Zamu ya Lango la Nyuma

Kufuli la lango la nyuma lilikuwa limetoka jasho.

Jua lilishapanda na mabati ya uwanja yalishaanza kualika, ta, ta, kwa joto. Hakukuwa na umande wala mvua. Lakini kufuli lilikuwa limelowa, tena lina uvuguvugu, kama kitu kilichofumbatwa kiganjani kwa muda mrefu. Na lilikuwa limefungwa. Bawabu wa lango hilo, mwanamke ambaye uwanja mzima ulimwita Komeo, alijua jana aliliacha wazi likining'inia kwenye mnyororo wake. Hakuwahi kulifunga lango lile hata siku moja, hata meneja alipoagiza, na sababu ilijulikana kwa kila mtu.

Miaka kadhaa nyuma, katika mechi ya watani wa jadi, Nyuki na Siafu, lango hilo lilikutwa limefungwa filimbi ya mwisho ilipolia. Mashabiki wa Siafu waliotangulia chini walipiga kelele kwamba halifunguki. Wa nyuma yao hawakusikia, wakaendelea kusukuma. Walikufa watu. Mmoja wao alikuwa kaka yake Komeo, bwana mcheshi mwenye pengo la meno alilolitumia kupigia mluzi. Tangu siku hiyo Nyuki walisema Siafu walijifungia wenyewe kwa ujinga wao, Siafu wakasema Nyuki waliwafungia kwa roho mbaya, wakatukanana mpaka wakasahau kuwataja marehemu. Komeo yeye alikwenda kuomba kazi ya ubawabu. Alipoulizwa anataka lango gani, akasema lile.

Basi akalifungua kufuli, akalifuta kwa pindo la gauni lake. "Jasho la nini wewe, umefanya kazi gani?" akaliambia.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Uwanja ulikuwa mtupu, jukwaa halina hata paka, lakini njia nyembamba iliyoshuka kutoka jukwaani hadi langoni ilinuka umati: makwapa, nguo mbichi, maganda ya machungwa, pumzi za watu wengi waliobanana mahali padogo. Halafu sauti ikasema karibu na sikio lake, sauti ya chini na ya uchovu, ya mtu aliyekesha kazini.

"Hapiti mtu."

Komeo alikuwa na tabia moja: akiogopa, hukasirika. Mdomo ukagoma kunyamaza. "Watapita," akasema. "Watapita, na wewe utawaangalia."

Alimpelekea habari meneja wa uwanja. Meneja alimsikiliza huku akitafuna kalamu, kisha akamwambia apake grisi.

"Bosi, sisemi kutu. Nasema kuna kitu."

"Na mimi niiambie nini bodi? Kwamba lango limepandwa na jini? Paka grisi, mama."

Akapaka. Akabadilisha na kufuli. Jumapili hiyo ilichezwa mechi ndogo tu ya kirafiki, watazamaji wachache, Nyuki kwa Siafu, wametawanyika jukwaani, na Komeo aliyasukuma mabawa yote mawili ya lango hadi ukutani, akayazuia kwa mawe. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wakaanza kushuka taratibu, wakicheka, na yeye akasimama kando kuwapisha. Ndipo mawe yale yalipoanza kujiburuta, kwanza polepole, krrr, krrr, na mabawa yakaja yenyewe huku bawaba zikilia, naye akalidaka bawa moja kwa mikono miwili na kulivuta kwa nguvu zake zote, lakini lilimburuta na yeye, viatu vikichora mchangani, mpaka chuma kikakutana na chuma, na kufuli ambalo halikuguswa na mkono wa mtu likajibana lenyewe mbele ya macho yake, na ile harufu ikamwagika, na nyuma ya mgongo wake watu wa kwanza wakagonga lango, wa pili wakawagonga wa kwanza, na mama mmoja akaanza kusema hapumui, hapumui jamani.

"Rudini juu!" Komeo alipasua sauti. "Wa nyuma rudini juu! Kaeni! Kaeni chini kwenye ngazi!"

Kwa kuwa walikuwa wachache, waliweza kusikia. Walikaa. Yule mama akanyweshwa maji, na lango la pembeni likafunguliwa watokee huko. Lakini kabla vumbi halijatua kijana mmoja alishadakia, "Nyuki hao wametufungia tena!" na ngumi zikaanza. Komeo alitazama ngumi zile akajisikia kulia. Kitu kilitaka kuwaua, na wao walikuwa wanagombea rangi za fulana.

Mechi ya watani, ya kwanza uwanjani hapo tangu vile vifo, ilikuwa wiki inayofuata.

Nyumbani kwa Komeo watani waliishi chumba kimoja. Yeye ni Nyuki tangu tumboni, ingawa kaka yake alihamia Siafu, mumewe ndiye mpiga ngoma mkuu wa Siafu, na majirani walikuwa wakiuliza kwa utani, nyuki na siafu wakilala kitanda kimoja, nani anayeamka bila kuvimba? Lakini jioni ile hakuna aliyetania.

"Baba watoto, usiende. Na binti usimchukue."

"Mke wangu, nisipoenda mimi ataenda nani? Jukwaa zima linatembea na ngoma yangu. Nikikosa, watajazana vilevile, ila bila mimi."

Maneno hayo yalimwingia Komeo. Ni kweli, watajazana vilevile.

Wakaenda wote wawili kwa mganga, mwanamke mkavu wa maneno aliyewapokea uani kwake mchana kweupe, akichambua mboga. Hakupandisha kitu wala hakupiga kelele. Alimwomba Komeo ampe ufunguo, akaunusa, akaurudisha haraka kama uliomchoma.

"Huyo hana ubaya na nyinyi," akasema kwa sauti ndogo. "Huyo yuko lindoni. Mtu alimweka hapo siku ya mechi, akamwambia zuia. Hajaambiwa acha. Alikuwa akingoja mechi ya watani irudi, na sasa inarudi."

"Tumfukuze vipi?" mume akanong'ona.

"Hafukuzwi. Nyinyi mabawabu mnabadilishanaje zamu?"

Komeo alieleza. Bawabu anayetoka huweka kiganja juu ya lango na kusema zamu imekwisha. Anayeingia huweka chake na kusema nimepokea. Bila hayo mawili huwezi kuondoka, hata ukiwa na njaa, hata ukiwa na msiba.

"Basi na yeye ni hivyohivyo. Aliyempanga amwambie imekwisha, na mwingine apokee. Na iwe ndani ya mechi, maana aliwekwa kwa ajili ya mechi. Siku nyingine mtaongea na chuma." Mganga akarudi kwenye mboga zake. "Anayepokea awe na moyo. Jini atamuuliza."

Nani alimpanga? Komeo hakuhitaji ramli. Zamani zile Siafu waliogopa uchawi kwenye lango kuu, na wachezaji wao walikuwa na mtindo wa kuingilia lango la mashabiki wao, lile la nyuma. Mtu pekee wa Nyuki aliyeujua mtindo huo, na aliyekuwa radhi kufanya lolote wasiingie, alikuwa mwenyekiti wa mashabiki, mzee waliyemwita Kipaza. Akiinua mikono yake miwili, jukwaa lote la Nyuki lilikuwa likinyamaza kimya. Akiishusha, wanavuma mpaka mabati yanatetemeka. Siku ya vifo sauti yake ilikatika, ikabaki mnong'ono. Watu walisema ni kwa kulia sana. Walimwonea huruma, maskini.

Komeo alimkuta kibarazani kwake. Hakusalimia.

"Ni wewe."

Mzee aliangalia chini. "Nilitaka wachezaji wao wasipite," akanong'ona. "Basi. Wakakuta pagumu, wakazungukia lango kuu, tukawafunga. Nilitakiwa nimtoe kabla ya filimbi. Lakini tulishinda, mwanangu. Bao la dakika za mwisho. Nikashuka uwanjani nikibebwa juu juu, nacheza... Nikasahau."

"Ulisahau."

"Nilisahau."

Komeo alimchukia pale pale, chuki ya kumjaza mate mdomoni. Miaka yote hii amemwamkia mtu huyu kwa heshima. Kaka yake alikufa amesimama, amebanwa kwenye chuma, kwa sababu mzee mzima alikuwa anacheza.

"Na kwa nini hukurudi kumtoa?"

"Nilirudi, mechi tatu. Sauti yangu ndiyo anayoijua, na sauti yenyewe kaichukua. Nanong'ona, watu wanapiga kelele, hanisikii. Nikaogopa. Na Siafu wakijua, wataniua."

"Kesho kutwa utakuja," Komeo akasema. "Utasimama katikati ya Siafu, na utasikika. Kunyamaza kwao niachie mimi na mume wangu. Wakikuua, wakuue ukiwa umeshasema."

Siku yenyewe uwanja ulifurika mpaka watu wakaning'inia kwenye nguzo. Komeo alimwomba meneja angalau alifungue lango la pembeni kwa tahadhari. Meneja akasema Nyuki wangepenyea huko kwenda kupigana, na akamwonya asilete hadithi zake tena. Kabla ya mapumziko mabawa ya lango la nyuma yalikuwa yameshajifunga. Ufunguo uligeuka ndani ya kufuli bila kushika kitu, kama kijiko kwenye uji.

Dakika za mwisho zikafika, hakuna aliyefunga. Wale wa kukwepa foleni wakaanza kushuka. Harufu iliwatangulia njiani, nao wakaikanyaga bila kujua. Kipaza alisimama langoni akiwa na fulana yake ya njano ya Nyuki, maana alikataa kujificha, na minong'ono ya hatari ilishaanza kumzunguka. Binti yao alikuwa juu ya ngazi, ameshika mkanda wa ngoma ya baba yake. Komeo alimwona. Akamwinulia mumewe mkono.

Mumewe akaacha kupiga.

Alisimama juu ya benchi, akavuka fimbo mbili za ngoma juu ya kichwa chake, ishara ambayo kwa Siafu ilitumika wakati wa msiba tu. Jukwaa likababaika. Wimbo ukakatika vipande vipande, ukafa. Ng'ambo, Nyuki wakashangilia kwa dharau: "Mmekufaaa! Mmekufaaa!" na mvumo wao ukavuka uwanja ukajaa njia yote, na kila Kipaza alipofungua mdomo neno lake lilimezwa kabla halijatoka, na watu wa juu wakazidi kushuka kuja kuona kuna nini, na Komeo akasikia kifua chake kikianza kukosa nafasi, chuma kikimkandamiza mgongoni na kile kitu kikipumua upande wa pili, polepole, kwa subira ya mtu asiye na pa kwenda.

"Mnyanyueni!" akapiga kelele. "Mnyanyueni huyu mzee, Nyuki wamwone!"

Walisita. Shabiki wa Siafu ambebe mwenyekiti wa Nyuki? Jitu moja lenye fulana ya kahawia lilimwangalia Kipaza, likamwangalia Komeo aliyebanwa langoni, likasonya. Kisha likainama, likambeba mabegani.

Kipaza akainua mikono yake miwili.

Ng'ambo ya uwanja mvumo ukayumba. Walimjua. Mikono ile iliwalea. Ukimya ukaanza safu za mbele ukapanda hadi juu, mpaka wachezaji wenyewe wakasimama wakitazamana, mpira umebaki unajiviringisha peke yake kwenye nyasi. Hakuna aliyewahi kuusikia uwanja ule ukiwa kimya umejaa.

Jitu lilimshusha mzee. Akaweka kiganja juu ya chuma. "Zamu yako imekwisha," akanong'ona, na kila mtu alisikia. "Nilikusahau. Ni mimi niliyekusahau."

Chuma kikatetemeka. Komeo akageuka, akaweka kiganja chake. Kilikutana na kiganja kingine, kipana, kimelowa jasho, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Wewe ni wa nani?" sauti ikauliza. "Nyuki au Siafu? Mimi niliwekwa na Nyuki."

Kulikuwa na jibu jepesi, na lilikuwa la kweli. Komeo alihisi hofu ikimpanda, na kama kawaida yake ikageuka hasira.

"Mimi ni wa lango," akasema. "Ndugu yangu alifia mkononi mwako. Nimesimama hapa kila siku tangu ulipomfungia, na sikuogopi. Nimepokea. Toka!"

Kiganja kile kilimbana mpaka mifupa ikalia. Hakutoa mkono. Halafu kikalegea. Pumzi ndefu ya uchovu ilimpita shingoni, na kufuli likadondoka chini kama kipande cha chuma chochote.

"Wa mbele kwanza!" Komeo aliita. "Polepole. Hakuna kusukuma!"

Walitoka. Siafu wote walitoka, na Kipaza katikati yao, ameinamisha kichwa akisubiri ngumi. Aliwaambia mwenyewe alichokifanya, pale pale nje ya lango. Wengine walimtemea mate, mmoja akamchania fulana, na lile jitu likasimama mbele yake mpaka polisi walipokuja. Komeo hakumtetea na hakumpiga. Alimwangalia binti yake akipita, mzima, akibishana na baba yake juu ya penalti.

Jua lilipoanza kushuka meneja alikuja na funguo zake mkononi. Jukwaa lilikuwa tupu.

"Komeo, funga lango twende."

Hakusogea. Ile harufu ilikuwa imerudi, lakini sasa ilitembea. Vumbi la njiani lilikuwa linakanyagwa, nyayo juu ya nyayo, zikishuka kutoka jukwaani bila haraka, na upepo wa nguo za watu ulimpita begani mmoja baada ya mwingine. Nyuma kabisa, mtu alikuwa anapiga mluzi kwa pengo la meno.

"Funga, nimesema!"

Komeo aliegemeza mgongo wake kwenye bawa la lango, akalishikilia wazi.

"Subiri, bosi," akasema, machozi yakimshuka. "Bado watu wanatoka."