Wifi Yupo Mwambani

Mimi mdomo ninao, na ndugu zangu wanajua hadithi nikiishika naitia chumvi. Hii siitii. Ilimpata kaka yangu, mpiga picha, tuliyemwita Kinyonga kwa mwendo wake wa taratibu. Nami nilikuwepo, nimemshikia mwavuli.

Asubuhi ile tulikwenda ufukweni watatu: kaka, mimi, na wifi yangu, aliyebeba mimba waliyoisubiri hadi watu wakachoka kuwauliza. Hoteli moja ya kisiwani ilitaka picha za pwani za kalenda. Jua zuri, upepo kidogo. Wifi kavaa gauni la manjano, ananitania kwamba mtoto akichukua pua yangu watamrudisha alikotoka. Tulicheka sana.

Kaka alikuwa na namna yake ya kupiga. Aliivalisha lenzi kioo cheusi, akaiacha kamera wazi dakika kadhaa. Hapo mawimbi huyeyuka, bahari ikatoka laini kama maziwa. Watu wanaopita nao hawaonekani, au huacha ukungu tu, kwa sababu hawatulii. Kinachobaki ni kilichotulia tu: mawe, ukuta, ngazi za hoteli.

Picha ya kwanza ikatokea kwenye skrini. Juu ya mwamba mweusi, karibu na maji, amekaa mwanamke, ametupa mgongo. Nikainua macho. Mwambani hapakuwa na mtu.

"Doa la lenzi hilo," kaka akasema, akaifuta lenzi.

Picha ya pili, mwanamke yupo. Safari hii amesimama, uso kaugeuza nusu.

Hapo mwenye akili angekusanya vyake. Lakini kaka yangu ni mbishi, na kazi ikimshinda hata chakula hali. Akataka kujua kamera inamdanganya wapi. Akamwomba wifi akasimame pale pale mwambani. "Tulia kabisa. Usitikisike mpaka nikuite."

"Kaka, tuondoke," nikamnong'oneza. Akanipuuza.

Wifi akapanda, kashika tumbo. Akatulia. Nilimwangalia muda wote. Hakusogeza hata kidole. Kamera ikajifunga, tukainama kutazama.

Mwamba mtupu.

Nilipogeuka, wifi alikuwa ameshashuka, bila kuitwa. Akatupita. Yeye aliyekuwa akigombania kuona kila picha, siku hiyo hakuuliza. "Twendeni nyumbani," akasema. Sauti yake, gauni lake. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi, nikajiambia ni upepo wa bahari.

Nyumbani alipika, alifua, aliitika akiitwa. Lakini akimaliza kazi alisimama. Katikati ya chumba. Ametulia tuli. Utani wangu aliusikiliza kama taarifa ya habari. Tumbo likapungua kidogo kidogo, bila damu, bila maumivu. Daktari alimpima, kisha akatuuliza kwa upole ni nani aliyetudanganya, maana huyu mama hajawahi kubeba mimba. Kaka alilia pale pale kwenye benchi. Yule mama akawa anamtazama tu.

Tukarudi ufukweni, kaka na mimi. Hapakuwa na mtu. Kaka akaivalisha lenzi kioo cheusi, akaiacha kamera wazi.

Ilipojifunga nilikaa chini mchangani. Wifi yangu alikuwa mwambani. Gauni la manjano. Tumbo kubwa. Anatutazama. Tulimwita mpaka sauti zikakauka. Kaka akapanda, akapapasa hewa kama kipofu. Tukapiga nyingine. Bado yupo, na ingawa upepo ulivuma, gauni lake halikupepea.

Tangu hapo, ni zaidi ya mwaka sasa, kaka huenda peke yake. Sijamkataza, utamkatazaje mtu kwenda kumwona mkewe? Akirudi, yule wa nyumbani humfungulia mlango, humwekea chakula, wala haulizi alikotoka.

Juzi alikuja kwangu na picha moja, hakutaka hata kuketi. Nikaishika. Wifi amekonda. Tumbo halipo. Mkono mmoja kaushusha kando, vidole kavikunja kama aliyeshika kitu. Anatazama chini, anatabasamu. Penye vidole vile, usawa wa goti, pana ukungu mdogo.

"Ni povu la wimbi," nikasema.

Kaka akaichukua picha yake, akaifuta taratibu kwa shati.

"Watoto hawatulii," akasema.