Mtu wa Pili kwenye Fomu

Jua lilikuwa linachwea nyuma ya majengo ya mtaa wa Las Acerolas wakati Nereida Maldonado alipopanda ngazi za jengo la sita, barua ya ofisi ya nyumba mkononi na uongo wake mdomoni. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Mama ana homa, ameshindwa kuja, nipe mkataba nimpelekee atie sahihi kitandani.

Mama yake, Bi Herminia, alikuwa na mwaka wa sita kaburini.

Mambo yalianza na kimbunga. Kilipong'oa paa lao, mama na binti waliomba nyumba ya jiji, zile ambazo mpangaji analipa kidogo na serikali inamalizia kodi iliyobaki. Puerto Rico nzima ilikuwa inaziomba mwaka ule. Wakaandikwa kaya ya watu wawili. Kabla mwaka haujaisha Bi Herminia akafa mezani, mdomo umejaa magimbi ya kuponda, moyo umesimama tu. Hakuwahi kuugua. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kuwafanya majirani wafunge madirisha, na alimpenda Nereida kupita kiasi.

Nereida alimzika, akalia. Fomu ya mwaka ilipokuja, alikodolea macho pale palipoandikwa "mtu wa pili", na hakulikata jina. Kulikata kungempeleka kwenye foleni ya wasio na wazee, foleni ambayo watu huzeekea humo.

Angeishia hapo tungemsamehe. Lakini ofisi ilikuwa inatoa alama kwa ugonjwa, na mwenye alama nyingi hupita mbele. Mwaka wa kwanza akaandika kwamba mama haoni vizuri. Wa pili, haoni kabisa. Wa tatu, miguu imekufa. Wa nne, haja zote anamalizia kitandani. Wa tano akaandika kidonda cha mgongoni kisichopona. Vyeti vya daktari vilipatikana, vyeti hupatikana. Na kila mwaka alimtilia mama sahihi kwa mkono wake wa kushoto, ili herufi zilegee kama za mgonjwa.

Miaka hiyo yote alilala chumba cha kufulia cha wifi yake Migdalia, kitanda kimebanwa kati ya mashine na ukuta, chupi za watu zikimdondokea maji usoni. Na Migdalia alishamwambia kwamba Krismasi hii isimkute. Barua ya ofisi nayo ilikuwa na masharti yake. Nyumba moja alishaikataa kwa sababu ya ngazi nyingi. Akiikosa na hii, anarudi mkiani mwa orodha.

Bwana Quiles wa ofisi ya nyumba alikuwa amesimama nje ya mlango, kwenye korido, leso puani.

"Umechelewa, bibie," alisema. "Mama yako ameshafika."

Nereida alidhani hakusikia sawasawa.

"Yuko ndani, ameshatia sahihi. Maskini ya Mungu... Mtu wa hali ile unamwacha aje peke yake?"

Akamwonyesha mkataba. Nereida akatazama. Herufi zilikuwa zimelegea, mkia wa H umepinda kurudi nyuma. Mwandiko ule hakuwa nao mtu mwingine yeyote chini ya jua. Ulikuwa wa mkono wake mwenyewe wa kushoto.

Angeweza kupiga kelele kwamba huyo si mama yake. Lakini angeulizwa mama yake yuko wapi, na angelazimika kujibu. Akaomba kalamu. Akatia sahihi chini ya ile nyingine. Bwana Quiles akampa funguo kwa ncha za vidole, akashuka ngazi mbili mbili.

Ndani kulikuwa na harufu.

Juu yake ilikuwa ile spiriti ya majani ambayo vikongwe wa kisiwa hujisugua viungo. Chini yake kulikuwa na kitu kingine. Nyama ndani ya friji, wiki ya tatu bila umeme. Kila aliyekipitia kimbunga kile anaijua.

Chwa...

Sauti ilitoka chumba cha ndani.

Chwa... chwa...

Kitanda kilikuwepo, ingawa hakuna aliyekileta. Juu yake kililala kitu chenye ukubwa wa mtoto wa miaka minane, kinanyonya kidole chake chenyewe. Macho yalikuwa meupe kama yai la kuchemsha lililomenywa. Miguu imelala kama soksi zisizo na mtu ndani. Shuka chini yake lilikuwa na rangi ambazo hazisemeki, na zilikuwa zinatambaa kuelekea ukingoni.

Hakikufanana na mama yake hata kidogo.

Kilifanana na fomu.

"Nereida," kilinong'ona. "Nimejichafua."

Alitapika kwenye sinki la jikoni, akasukutua mdomo, akatafuta ndoo.

Tusimsifu. Hakuwa na huruma, alikuwa na kinyaa tu, na kinyaa chake hakikuzoea. Kila asubuhi alikigeuza ubavu, na ngozi ikabaki kwenye shuka. Kidonda kilikuwa kinapumua. Akikisafisha, weupe fulani ulirudi ndani kama konokono aliyeguswa, ukingoja aondoe kitambaa. Kilikula magimbi ya kuponda na kutema nusu, kisha kikaomba kile kilichotemwa. Nywele za kitu kile Nereida aliziokota kwenye kahawa, kwenye wali, mara moja chini ya ulimi wake mwenyewe. Na sikuzote, hata akiwa chumba kingine, chwa... chwa...

Lakini nyumba ilikuwa nyumba. Vyumba viwili, choo cha peke yake, roshani yenye upepo. Jioni alikaa hapo na kahawa yake, mlango wa ndani ameuziba kwa taulo chini, akawaza kwamba kuna watu mia kadhaa kwenye orodha ambao wangebadilishana naye.

Ng'ambo ya korido alikaa Bi Providencia, mwanamke wa mizimu, mwenye kuweka glasi ya maji nyuma ya mlango ili kila kibaya kinachopita kinaswe humo. Siku aliyohamia Nereida, maji yale yaligeuka maziwa. Bi Providencia aliyamwaga, akaweka mengine, nayo yakageuka. Siku ya nane akaja kubisha hodi, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

Nereida akamweleza yote, kwa kunong'ona, mgongo umegemea mlango.

"Kwa hiyo," Bi Providencia alisema, "uliandika mtu asiyekuwepo, miaka mitano, na mihuri juu. Ukadhani ile nafasi itakaa wazi?"

"Nifanye nini, mama?"

"Mwandike marehemu, kwa mkono wako wa kweli. Kisha funga virago."

"Nirudi kwenye chupi za Migdalia?"

"Basi endelea kuogesha, shoga yangu. Mie mambo ya serikali siyawezi."

Akafunga mlango wake, na Nereida akamsikia anaongeza kitasa.

Fomu ya mwaka ilifika mwezi wa tano. Nereida aliitandaza kwenye meza ya roshani asubuhi, kalamu mkono wa kulia. Alikuwa amedhamiria kweli. Ilibaki neno moja tu, marehemu. Kisha akatazama upepo unavyocheza na mapazia aliyoyashona mwenyewe. Akaiona akilini mashine ya kufulia. Akamwona Migdalia mlangoni, mikono kiunoni, anacheka.

Chwa... chwa...

Ndipo wazo likamjia, na alijiona mjanja. Nyumba alishaipata. Alama hazikuwa na kazi tena. Ofisi ilichotaka ni majina mawili tu.

Akahamishia kalamu mkono wa kushoto. Anaona. Anatembea. Anajihudumia mwenyewe. Kidonda kimepona. Akaandika bila kukata hata neno, akatia sahihi iliyolegea, akaipeleka ofisini kwa miguu ili apigiwe muhuri mbele ya macho yake. Alinunua na mkate njiani. Alikuwa anaimba.

Alipofungua mlango wa nyumba, saa sita mchana, hapakuwa na harufu.

Sakafu imekauka. Madirisha yamefunguliwa. Aliingia chumba cha ndani... Kitanda kimetandikwa, pembe zimekunjwa kama za hospitali.

Hakuna mtu.

"Mama?" aliita. Hakuwahi kukiita hivyo.

Pa.

Nyayo tupu, jikoni.

Pa... pa...

Lilikuja jitu limesimama wima, likawa refu kuliko alivyokisia, kwa maana urefu hakuwahi kuuandika. Ngozi imefunga. Macho yamejaa, meusi, mapya kabisa. Nereida aliyatafuta ndani yake macho ya Bi Herminia. Hayakuwemo. Fomu zote zile ziliuliza kama mama anaona, kama anatembea, kama anajizuia haja. Hakuna iliyouliza kama anampenda mwanawe, na yeye hakuandika.

"Njoo kwenye mwanga," lilisema taratibu. "Miaka yote hii nimelala kwenye mavi yangu. Nataka kumwona aliyeniandika."

Mkate ukaanguka.

Bi Providencia anasema hakusikia ukelele siku ile. Alisikia maji yanafunguliwa bafuni, kwa muda mrefu, na mtu anasugua.

Tangu hapo Nereida hajaonekana kwenye roshani. Bibi wa nyumba ile ndiye anayetoka asubuhi, mgongo umenyooka, anasalimia kila mtu kwa jina. Watu wa jengo wanampenda. Wanasema ndivyo wazee wa zamani walivyokuwa. Hakuna aliyemuuliza binti yako yuko wapi, kwa sababu yeye mwenyewe huanza kueleza. Binti hajambo sana, macho yanamsumbua.

Wiki iliyopita, jioni, alibisha kwa Bi Providencia. Mlango ukafunguliwa upana wa mnyororo. Nyuma ya mlango, ndani ya glasi, maji yalikuwa yanachemka bila moto.

"Samahani, jirani," bibi alisema. "Niazime kalamu. Kuna mambo ya binti yangu nataka kuyapeleka ofisini."

Bi Providencia alisema hana. Akafunga, akasimama pale pale, mkono kwenye kitasa, anasikiliza. Nyayo zikaondoka pole pole. Zikasimama mlango wa pili. Hodi ikapigwa, kwa adabu kabisa.

Na jirani wa pale, mtu mwema asiyejua kitu, akasema karibu mama, ingia, kalamu ninazo tele.