Pilipili za Chiriku

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua sare, akachota maji na kumwagilia pilipili zilizoota nyuma ya jiko la mama yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya domo lake. Mama yake alikuwa mpishi, akiuza chakula uani, na wateja walipenda mchuzi wake kwa kuwa ulikuwa na ukali wa kiasi.

Mbegu alizinunua Chiriku. Mama alimwagiza amuulize muuza mbegu ni aina ipi isiyo kali sana. Dukani akawakuta wenzake wawili wa darasani, akaona haya kuonekana hajui kitu kama pilipili. Akanyooshea kidole pakiti yenye picha ya pilipili ndogo kuliko zote, akijisemea kwamba kitu kidogo hivyo kitakuwa na ukali gani. Nyumbani, alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho kwamba muuza mbegu ndiye aliyemchagulia.

Pilipili zikaiva. Mama akatwanga konzi moja, akaitia kwenye maharagwe. Mchana huo wateja walitoka machozi na kamasi. Fundi viatu, mzee aliyekula pale kila siku, alikohoa hadi akashikilia ukuta. Wengine waliacha sahani, wakaenda zao.

Mama alimshika Chiriku mkono hadi dukani. Mbele ya wateja, alimwambia muuza mbegu kwamba amemdanganya mtoto na kumharibia yeye kazi.

“Dada, sikumbuki kuulizwa,” alisema muuza mbegu kwa upole.

“Kwa hiyo mwanangu ni mwongo?”

Watu wote walimgeukia Chiriku. Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Mama, sikumuuliza,” alisema. “Nilichagua mwenyewe.”

Mama alimgeukia muuza mbegu. Kisha akainamisha kichwa. “Nisamehe, dada. Nimekuvunjia heshima mbele za watu.”

Chiriku alikuwa amejiandaa kwa kofi. Hakujiandaa kumwona mama yake akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Akalia.

Muuza mbegu alimpa kiti. Akamweleza kwamba ukali hautokani na udogo wala ukubwa, bali na aina. Hoho haiwashi, pilipili ndefu nyingi huwasha kiasi, pilipili mbuzi ni kali sana, na zile ndogo alizozichagua, pilipili kichaa, ndizo zilezile zilizomliza fundi viatu. Akapasua moja na kumwonyesha utando mweupe wa ndani, akisema ukali mwingi hukaa humo. Walipoondoka, Chiriku alikuwa na mbegu za pilipili ndefu mkononi.

Kabla ya kufika nyumbani, alikwenda peke yake kwa fundi viatu kumwomba radhi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kesho atakuja kula, ila ataunusa mchuzi kwanza.

Jioni mama alikaa naye jikoni, na Chiriku akamsimulia jinsi alivyowaonea haya wenzake dukani.

“Mwanangu, ungeuliza, wenzako wangekucheka kidogo, yakaisha,” alisema. “Ulipojifanya unajua, mzee wa watu akaumia. Ulipodanganya, nikamtukana mtu asiye na kosa. Usipojua kitu, sema hujui.”

“Sikujua, mama,” alisema Chiriku.

“Sasa hapo tunaweza kuanza,” alijibu mama, akamsogezea kopo la kusia mbegu.