Kopo Lililobaki na Joto

"Mwanangu akifikwa na lolote, mimi na wewe hatutaishi mtaa huu mmoja!"

"Weka akiba ya maneno, jirani. Kesho huenda ukayahitaji."

"Akiba? Mtoto amelazwa, macho yamezama kama ya ajuza, nawe unanihubiria akiba?"

Majirani hawa wawili walitenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwa miaka tisa walikuwa wakiazimana chumvi juu ya ukuta huo. Mmoja alikuwa mshonaji wa nguo, mama wa mtoto mgonjwa, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unamning'inia shingoni. Mwingine alikuwa Mama Vyungu, mwenye mgahawa wa meza tatu mkabala na lango la shule. Alisimama mlangoni pake, upawa mkononi, kama askari aliyesahau kwamba silaha yake ni ya kupakulia mchuzi.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Mbele yao alisimama muuza mboga mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa habari zake hazikuwa na saa ya kufunga. Asubuhi ile alikuwa hewani tangu jua lichomoze.

"Nimeona kwa macho yangu haya mawili, na hayajawahi kuvaa miwani!" alisema Redio. "Jana baada ya shule, Kibibi alikaa kwenye benchi lile, akala mkate wa huyu bibi. Saa kumi mtoto akaanza kutapika. Lisemwalo lipo, ndugu zangu, na kama halipo, laja."

"Nilimpa kipande cha mkate mkavu kwa sababu alikuja ameshika tumbo," alijibu Mama Vyungu. "Alikuja tayari anaumwa! Mbona hilo hukuliona, na macho yako mawili?"

Hakuna aliyemsikiliza. Kijana mmoja nyuma ya umati alisema, "Vibanda kama hivi dawa yake ni kuvunjwa tu." Wachache wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Mwingine alikuwa tayari ameokota jiwe, akilirusha na kulidaka, akilirusha na kulidaka.

Nyuma ya mshonaji alisimama binti yake mkubwa, msichana wa miaka kumi na miwili, amevaa sare, mkoba mgongoni. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na kopo la chakula. Alikuwa ametoka nyumbani mapema apate kulitupa jalalani kabla ya kengele ya shule, na ugomvi ukamkuta njiani. Sasa alihisi kopo lile likimkandamiza mgongo kana kwamba limejaa mawe.

Mtaani walimwita Mkaguzi. Jina hilo lilitokana na arusi ya mwaka uliopita, ambako watu walikula wakafurahi, na kesho yake nusu ya wageni wakawa wanagombea choo. Yeye alilazwa siku tatu, maji yakidondoka tone kwa tone kupitia mshipa wa mkono. Alipona mwili, lakini hofu haikutoka. Tangu siku hiyo, chakula cha nje kilimtisha kama mbwa asiyefungwa. Akialikwa mahali, alikikoroga kwa kijiko, akakinusa, akachungulia kucha za mpishi. Mara nyingi alisukuma sahani kabla hata ya tonge la kwanza.

"Mkaguzi, njoo ukague karanga hizi kabla hazijatumaliza!" wenzake walimtania wakati wa mapumziko, na wao wakijazana kwenye meza za Mama Vyungu. Yeye alikaa peke yake chini ya dirisha la darasa, na kopo lake.

Mama yake alimwonea huruma. Alichukua mabaki ya sponji ya viti na vipande vya kitambaa kizito, akamshonea kifuko cha kutia kopo, tabaka tatu, chenye zipu. Kila jioni alipakua wali na maharage yakitoka mvuke, akakaza kifuniko, akalivika kopo kifuko chake na kuliweka tayari kwa siku inayofuata. "Kesho adhuhuri utakikuta bado kina joto," alimwambia kwa fahari. "Chakula cha mama, mwanangu, hakina shaka."

Na kweli kilikuwa na joto. Lakini juzi na jana, Mkaguzi alipofungua kopo, alisikia harufu ya uchachu kidogo. Juzi alikirudisha nyumbani, na mama akamkaripia: "Hata changu sasa unakinusa? Ukikirudisha tena utanitambua! Watu wanalala njaa!"

Kwa hiyo jana, aliposikia tena uchachu ule, alifunga kopo, akafikiri. Huenda pua yake ilikuwa imeharibika kwa woga. Kila mtu alisema hivyo. Mdogo wake, Kibibi wa darasa la kwanza, alipita akikimbia. Kibibi hakuwahi kukataa chakula tangu azaliwe.

"Njoo ule," Mkaguzi alimwita. "Mimi nimeshiba."

Kibibi alikula mpaka yakabaki matonge mawili tu chini ya kopo.

Sasa, mbele ya mgahawa, simu ya mama ililia. Ilikuwa ni shangazi yao aliyekuwa zahanati na mgonjwa. Mama aliiweka sikioni, na watu wote wakanyamaza ili nao wasikie.

"Wifi, bado anatapika," sauti ilisikika ikikwaruza. "Hata maji hayakai. Tabibu anauliza tena: mtoto alikula nini jana, na saa ngapi? Mkate tu? Anasema mkate hauelekei."

"Mwambie ni mkate!" mama alipaza sauti. "Mkate wa huyu huyu niliyesimama naye!"

Mkaguzi alikaza mikanda ya mkoba wake. Akisema, dunia nzima ingejua alimpa mdogo wake chakula alichokiogopa yeye. Na mama je? Mama aliyechomwa na sindano vidole vyote akishona kile kifuko?

Umati ulipasuka katikati. Mwanamke mrefu mwenye koti jeupe na daftari kwapani alipita, watu wakimpisha. Alikuwa Bibi Afya, ofisa wa afya ambaye wauza vyakula wote walimjua kwa hatua zake.

"Haya, mkaguzi wa kweli amefika," alinong'ona Redio, kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili.

Bibi Afya hakusalimiana sana. Aliingia jikoni, akafunua sufuria moja moja. Watu walichungulia madirishani. Alichota maji ya ndoo kwa kikombe, akayanusa. Akauliza maji yalichemshwa lini. Akatazama kucha za Mama Vyungu, mbele na nyuma. Alipotoka, alikuwa ameshika kitambaa kimoja kwa ncha za vidole.

"Kitambaa hiki kimoja ndicho unachofutia vyombo vyote?"

"Ndiyo, lakini nakifua kila jioni, Bibi."

"Si sawa. Vyombo vioshwe, viachwe vikauke vyenyewe juani. Mengine yote yako vizuri." Alifungua daftari. "Hata hivyo kuna mtoto mgonjwa, na inasemekana alikula hapa. Mpaka nijue chanzo, sheria inanitaka nifunge."

Akatoa kufuli mfukoni. Lilikuwa kufuli jeusi, kubwa kama ngumi ya mtoto.

Mama Vyungu aliweka upawa juu ya meza polepole, akaanza kuifungua aproni yake. Yule kijana wa jiwe aliacha kulirusha, akalikamata barabara.

"Funga!" mtu akapiga kelele.

"Funga kabisa!"

Kufuli likalia *ta* kwenye komeo.

"Si mkate!"

Sauti ilitoka nyembamba, na kwanza hakuna aliyejua ni ya nani. Kisha Mkaguzi akajikuta ametoka mbele ya mama yake, mkoba ameukumbatia.

"Unasemaje wewe?" mama aliuliza.

"Mkate alikula baadaye. Tumbo lilikuwa limeshaanza." Machozi yalimtiririka lakini hakuyafuta. "Kibibi alikula chakula changu, saa sita. Mabaki yamo humu. Nilikuwa naenda kulitupa kopo."

Bibi Afya aliinama akawa sawa naye. "Lete nilione, mwanangu."

Mkaguzi alifungua zipu ya kifuko, kisha kifuniko. Waliokuwa mbele walirudi nyuma hatua mbili, Redio akiwa wa kwanza, pua ameibana kwa upande wa kanga.

"Wali huu ulipikwa lini?" Bibi Afya alimwuliza mama.

"Juzi jioni. Lakini ni chakula safi! Nimeosha mchele maji matatu, nimepakua ukiwa wa moto kabisa, nikautia kwenye kifuko. Sponji tabaka tatu! Asubuhi ukishika kopo bado lina vugu..."

Alitazama kifuko, akakitazama tena, kama mtu anayesoma barua mbaya mara ya pili.

"Vuguvugu," Bibi Afya alimalizia taratibu. "Usiku kucha na asubuhi nzima. Chakula cha moto sana, vijidudu havikiwezi. Cha baridi sana, vinalala. Lakini cha vuguvugu, dada yangu, hicho ni kitanda na shuka. Kifuko chako kimeshonwa vizuri mno. Kimevitunza vijidudu badala ya mtoto."

Bila kupoteza muda alichukua simu, akampigia tabibu na kumweleza kila kitu: wali, umri wake, saa ya kuliwa. Alisikiliza, akaitikia "naam" mara nne, akakata.

"Sasa wanajua wanapambana na nini. Anasema mtoto amefikishwa mapema, na wakimwongezea maji kwa mshipa atainuka. Lakini jambo hili lingefichwa hadi jioni..." Hakuimalizia. Kijana wa jiwe aliliangusha nyuma ya mguu wake, akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mgahawa, lile lile alilolitaja Redio. "Kwa nini hukuniambia kinanuka?" aliuliza, na haikuwa sauti ya kukaripia.

"Nilikuambia juzi, mama. Ukasema nakinusa tu kwa deko. Kila mtu anasema naogopa bure. Nikadhani ni ile hofu yangu." Akameza mate. "Lakini nilijua kidogo. Nilijua, na bado nikampa."

Hapo hata Redio alizima.

Bibi Afya alimshika bega. "Sikiliza, na nyinyi wengine sikilizeni. Pua yako haikukosea. Kilichokosea ni mdomo wako, na masikio ya wakubwa. Mwaka mzima umeogopa chakula cha nje, ukidhani hatari ina anwani, inakaa mgahawani tu. Hatari haina anwani. Inaingia popote chakula kinapokaa vibaya, hata kwenye kopo la mama mwenye upendo. Na ujue hofu na tahadhari si ndugu. Hofu hukaa kimya pembeni na kopo lake. Tahadhari huuliza: kimepikwa lini, kimewekwaje? Ikisikia harufu mbaya husema kwa sauti, wala haimpi mwenzake inachokikataa yenyewe. Leo umechelewa, lakini umesema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na leo kingemwumbua mtu ambaye si wewe."

Akafungua kufuli, akalichomoa kwenye komeo, akalirudisha mfukoni. "Kitambaa kile lakini nisikione tena," alimwambia Mama Vyungu.

Kibibi alirudi nyumbani siku ya tatu, amekonda shingo, sauti ikiwa nzima. Neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa: "Kuna nini cha kula?"

Siku hizo tatu mgahawa ulikuwa mtupu. Maneno ya uongo hupaa, ya kweli huja kwa miguu. Sufuria za Mama Vyungu zilichemka bila mlaji, na juu ya kamba ya uani vyombo vilivyooshwa vilining'inia kwenye wavu vikikauka juani, bila wa kuvitumia. Watoto wa shule walipita upande wa pili wa barabara.

Adhuhuri ya siku ya nne, mshonaji alifika mgahawani akiwa amewashika binti zake wawili mikono. Redio alikuwa akipanga mafungu ya mboga, akaacha.

"Jirani," mshonaji alisema mlangoni, mbele za watu, "nilikuja hapa nikikutukana kwa sauti, siwezi kuja kuomba radhi kwa kunong'ona. Nilikukosea. Chakula kilichomdhuru mwanangu nilikipakua mimi."

Mama Vyungu alimshika bega jirani yake. Kisha akamtazama Mkaguzi. Msichana alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Mvuke ulikuwa ukitoka jikoni, mzito na mweupe. Alitaka kukimbia. Aliona pia kwamba watoto wa shule walikuwa wamesimama ng'ambo, wakitazama Mkaguzi atafanya nini.

Akapiga hatua moja. "Shikamoo, Mama Vyungu. Wali... umepikwa lini?"

Mama Vyungu akaangua kicheko kikubwa, cha kwanza tangu siku ile.

"Marahaba, mwanangu! Sasa umeuliza kama mtu mzima. Umetoka motoni sasa hivi, hata mimi sijauonja." Akasogea pembeni mlangoni, akamnyooshea upawa, mpini ukitangulia. "Maji na sabuni vile pale, nawa. Kisha karibu jikoni ufunue sufuria yoyote uitakayo, ukague mpaka uridhike. Ukimaliza kukagua, Mkaguzi wangu, karibu mezani, wewe na mdogo wako na mama yako. Karibuni ndani mle."